Dada na Vidudu vya Chini ya Mawe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia na sasa unainama bila kupiga kelele. Mimi ni mzima kama chuma, na uzuri umezidi. Majirani wa Dada wananitazama mpaka naona haya kwa niaba yao. Baba naye mpe shikamoo yangu.

Ulinituma nichunguze kwa nini Dada hamalizi chuo, kisha nimrudishe nyumbani akashike ile kazi ya ofisini kwa Mjomba. Ulihofia amefeli anaficha, au kuna mwanaume. Mwanaume hakuna, Mama. Nani atamtaka mtu anayenuka tope, chumba kizima chupa za maji ya mto, hadi juu ya kabati la vyombo?

Juzi alinivalisha mabuti, tukaingia mtoni. Akageuza jiwe, akanionyesha vidudu vyenye mikia mitatu. Akasema hivyo vinadeka: maji yakichafuka kidogo tu, vinatoweka. Tulipoupita mfereji wa maji machafu ya kiwanda cha ngozi tulikuta minyoo myekundu mitupu. Nikamwambia kumbe shahada ya kemia, na juu yake nyingine ya mazingira ya maji baridi, zote ni za kugeuza mawe! Akanijibu kwamba mimi hata kurasa zilinishinda kugeuza.

Sasa sikia kilichomchelewesha. Mwaka jana alikuwa akisimama mtoni upande wa juu, anachota maji upande wa chini. Tope la mabuti yake mwenyewe likawa linaingia kwenye chupa. Hakuna aliyegundua, profesa wake alishaisifu kazi. Alipogundua mwenyewe, akaenda akasema vipimo vyote vya msimu wa mvua ni vibovu, akavitupa, akasubiri mvua nyingine aanze upya. Hakukuambia kwa kuwa aliona atakuwa anatafuta visingizio. Mimi ningekula jiwe, nisimwambie mtu, Mama, unanijua. Profesa aliniambia wenye akili amewafundisha wengi, ila wa namna hii ni wa kutafuta kwa tochi. Nikamjibu kwamba ndivyo tulivyo ukoo mzima.

Basi amemaliza, na chuo kimempa nafasi ya udaktari, ule wa kusoma, si wa sindano. Jibu lilitakiwa jana. Nikamkuta kitandani analia, anasema hawezi kukuvunja moyo, atarudi tu kwa Mjomba.

Kaa kwanza, Mama. Nilimwambia umeshakubali. Nilisema nimekuja na baraka zako, na kwamba ulipozitoa ulitokwa na machozi. Machozi niliyatia mwenyewe, niliona yanapendeza. Akanikumbatia na tope lake lote, akatoka mbio kwenda kujibu.

Jumapili atakupigia simu kukushukuru. Nikirudi nichape, fimbo nitaileta mwenyewe. Ila akipiga, nakuomba usishangae. Itikia kama mama aliyekubali zamani. Ungemwona pale mtoni, ungekubali kabla yangu.

Mjomba mpe pole. Mwambie kama kile kiti bado kiko wazi, mimi kukaa najua sana.

Wasalimie wanaoniulizia, na wasioniulizia uwakumbushe.

Ni mimi,
kitindamimba wako asiye na mfano