Maradhi Niliyokusingizia

Kikwajuni, Unguja

Kwa mke wangu Zuwena,

Assalaam alaykum. U hali gani, Mama Rukia? Na mwanetu, kikohozi kimemwacha? Mimi leo nnaweza kukaa kitako, alhamdulillahi. Nnakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ni haki yako. Barua hii anakuletea ami yako anayerudi Pemba. Isome peke yako, ina mambo ya aibu.

Yalianza baada ya Idi, niliporudi huku kazini. Nikikojoa naungua. Nikimaliza nahisi bado. Natawadha, nikirukuu tu linanitoka tone, udhu umekwenda. Nikaacha kwenda msikitini. Nikaacha hata kunywa maji, nikidhani nitapunguza safari za chooni. Ujinga mtupu! Mkojo ukazidi kuwaka. Kwenye cherehani nikawa sikaliki, maumivu yako chini ya korodani, yanapanda mpaka kiunoni.

Nikamwambia Fundi Makame, ninayeshona naye kanzu, tena kwa kuzungukazunguka. Kwanza akasema ni ngiri, akaniletea mizizi nichemshe. Siku ya tatu akanikazia macho: "Bwana wee, hicho kisonono. Umekipata wapi?"

Zuwena, mimi sijatoka nje tangu nikuoe. Wallahi. Basi nikasema moyoni, kama si mimi, ni yeye. Ndipo nikakupigia simu nikakwambia, "Toka nyumbani kwangu, nenda kwenu." Ukaniuliza, "Nimekukosea nini?" Nikakata simu.

Siku mbili baadaye homa ikanikamata pale pale dukani, natetemeka, meno yanagongana, na mkojo hautoki ila matone. Makame akanikokota mpaka hospitali. Daktari, kijana tu, akaniuliza kila kitu bila ya haya. Akapima mkojo na damu, kisha akanipima kwa kidole njia ya nyuma. Lahaula! Nilitamani ardhi inimeze.

Akasema, "Si kisonono. Tezi dume imevimba, imeingiwa na vijidudu vya njia ya mkojo."

"Hayo si maradhi ya wazee?"

"Hata wa miaka thelathini hupata. Ungechelewa, mkojo ungeziba kabisa."

"Nani kaniambukiza?"

"Hujaambukizwa na mtu."

Nikalia, Zuwena. Daktari akadhani nnalilia maumivu.

Nililazwa siku tatu, sindano juu ya sindano. Sasa nnameza vidonge, wiki nne, na kanionya nisiache hata nikijiona mzima. Maji nnakunywa mpaka Makame ananicheka. Homa imekwisha, na mkojo unatoka vizuri.

Linalonikosesha raha ni lile neno nililokwambia. Nimekwenda kwa shehe wa msikiti wetu, akaniuliza kama nilitia nia ya talaka. Nikamwambia la, zilikuwa hasira. Akasema basi wewe bado ni mke wangu. Alhamdulillahi, lakini shehe hawezi kunisemea moyo wako. Nilikudhania uchafu, nawe umekaa kwa mama yako hujui hata sababu. Pengine majirani washakwambia nimeoa huku. Sijaoa, na nnaona haya hata kuliandika jina lako.

Mfikishie mama mkwe shikamoo yangu, kama ataipokea. Kaka yako Omar najua amekasirika, mwambie sina neno la kujitetea. Rukia nibusie. Makame anakusalimu, naye kaona haya kwa alichokisema. Daktari akiniruhusu kusafiri nitakuja mpaka mlangoni kwa mama yako, nipige hodi nisubiri. Kufungua au kutofungua ni juu yako.

Lile swali lako sikulijibu, nilikata simu. Jibu lake ni hili: hukunikosea kitu.

Mumeo, ikiwa bado unanikubali,
Khamis