Kumbukumbu za Kikao cha Tisa: Hisa za Simu za Setilaiti na Sanduku la Funguo Tatu

UMOJA WA MADEREVA WA MALORI NA FAMILIA ZAO

Siku: Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi. Mwenyekiti alifika saa tano.
Mahali: Chumba cha juu, ghorofani kwa Muuza Matairi.

Waliohudhuria:
Mwenyekiti, dereva mstaafu, ajulikanaye kama Mzee Honi
Mweka Hazina, mwenye duka la vipuri
Fundi Breki, mjumbe
Muuza Matairi, mjumbe na mwenye chumba
Katibu, mke wa Dereva wa Tela
Mwalikwa: Bwana Anga, wakala wa hisa, shemeji yake Mwenyekiti

Asiyehudhuria:
Dereva wa Tela, mjumbe. Udhuru: ngazi. Aliomba kikao kifanyike chini. Alijibiwa kwamba chini kuna harufu ya mpira.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwataka wajumbe wasameheane na kutazama mbele. Fundi Breki aliuliza nani amsamehe nani, maana yeye hajasikia mtu akiomba radhi. Mwenyekiti alisema hilo si ajenda.

KUMB. NA. 2/9: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mweka Hazina aliomba maneno "alikataa kutoa ufunguo" yabadilishwe, yasomeke "hakupata nafasi ya kutoa ufunguo". Katibu alisema aliandika kilichotokea. Bwana Anga alisema yeye hajui kilichotokea, kwa hiyo Katibu alieleza upya.

Umoja uliponunua hisa za kampuni ya simu za setilaiti, kampuni ilitoa zawadi ya simu moja, na laini yake ikalipiwa miaka miwili. Simu hiyo husikika hata kule ambako simu zetu za mfukoni hazioni mnara. Kwa desturi ya Umoja, mali ya pamoja hukaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja anao Mwenyekiti, wa pili Mweka Hazina, wa tatu Katibu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Desturi hii ilianza mwaka ule sufuria za Umoja zilipokwenda harusini zisirudi. Simu nayo ikaingizwa humo, na boksi lake na nailoni yake.

Dereva wa Tela alipopangiwa safari ya njia ya nyika, ambako unaendesha siku nzima bila mtandao, aliiomba. Mwenyekiti alileta ufunguo. Katibu alileta ufunguo. Mweka Hazina alisema ana wateja dukani, na tena simu ikitolewa kwenye boksi inashuka thamani. Dereva akaondoka mikono mitupu. Huko nyikani jeki iliteleza, tela likamlalia mguu. Alilala pale mpaka lori jingine lilipopita kesho yake. Daktari alisema angefikishwa mapema mguu ungepona. Ulikatwa juu ya goti.

Mweka Hazina alisema ajali haina kinga, na kwamba Katibu anaandika kwa uchungu. Katibu alikubali kwamba anaandika kwa uchungu. Kumbukumbu zilithibitishwa kama zilivyo.

KUMB. NA. 3/9: TAARIFA YA HISA

Bwana Anga alieleza kwamba hisa hazijaanguka, bali zimepumzika. Alisema kampuni za aina hii huanza kwa kukopa na kurusha vyombo angani kabla hazijauza hata simu moja, ndipo zitafute wateja. Wakati huohuo minara ya simu za kawaida imeenea upesi kuliko kampuni hizo zilivyodhani. Waliobaki kuzihitaji simu za setilaiti ni wenye meli, wachimba madini na watu wa nyikani.

Fundi Breki alisema, "Sisi ndio watu wa nyikani, na simu yetu hata kuishika hatukuishika." Aliendelea kusema kwamba kosa la kununua hisa ni la wote, yeye akiwemo. Kwa kuwa madereva wanaijua shida ya kukosa mtandao, walidhani dunia nzima inapita njia yao.

Mwenyekiti alisema mvumilivu hula mbivu. Fundi Breki alisema yeye anaona kokwa tu.

Bwana Anga alikiri kwamba Umoja ukiuza leo utapata chini ya nusu ya ulichoweka. Alishauri kwamba bei ikiwa chini ndio wakati wa kuongeza, na akaomba michango ya wanachama ipandishwe. Muuza Matairi aliuliza kama shemeji analipwa chochote kwa kila hisa anayowauzia. Bwana Anga alijibu kwamba swali hilo ni la kitaalamu.

KUMB. NA. 4/9: OMBI LA MGUU WA BANDIA

Katibu aliwasilisha ombi la mume wake. Mwenyekiti alimtaka atoke nje kwa kuwa jambo linamhusu. Katibu aliuliza kama Mwenyekiti alitoka nje siku shemeji yake alipokuja kuuza hisa. Katibu alibaki.

Ombi lilikuwa kwamba Mfuko wa Dharura ulipie mguu wa bandia. Dereva wa Tela ameahidiwa kazi ya kupanga mizigo ghalani, kazi ya kusimama, na nafasi hiyo inamngoja mpaka mwisho wa mwezi tu. Hapo ndipo Mwenyekiti alipoeleza kwamba Mfuko wa Dharura nao ulishaingizwa kwenye hisa, kwa nia njema. Wajumbe walikuwa hawajui. Fundi Breki alisema neno ambalo Katibu ameliacha.

Katibu alipendekeza ziuzwe hisa za kutosha mguu tu. Yeye na Fundi Breki waliunga mkono. Mwenyekiti na Mweka Hazina walipinga. Muuza Matairi hakupiga kura, akisema Mwenyekiti ni mteja wake wa siku nyingi. Kura zilipolingana, Mwenyekiti akapiga kura ya uamuzi. Iliamuliwa kwamba ombi lingoje hisa ziamke.

Katibu aliuliza mume wake angoje amesimama au amekaa. Mwenyekiti alisoma ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 5/9: MENGINEYO

Mweka Hazina alisema mwanawe wa kwanza anaondoka alfajiri na lori, kwa njia ile ile ya nyika. Aliomba simu itolewe sandukuni. Ufunguo wake alikuwa ameshauweka mezani kabla hajamaliza kusema. Mwenyekiti naye aliweka wake. Bwana Anga alikumbusha habari ya boksi na thamani. Mweka Hazina alimwambia anyamaze.

Kisha alimgeukia Katibu: "Mama mwenzangu, unaujua uchungu wa mwana. Usinilipizie kisasi kupitia kwake."

Katibu alikaa na ufunguo wake mkononi kwa muda. Alikuwa na hasira, na anaiandika hapa ili isije ikasemwa kwamba alitoa kwa moyo mweupe. Alitoa kwa sababu yule kijana hakumnyima mtu kitu.

Sanduku lilifunguliwa, nailoni ikachanwa. Simu ilichajiwa wakati wa chai. Ilipowashwa haikushika chochote, na Mwenyekiti akasema basi ni mbovu, hata wakati ule isingesaidia. Katibu, ambaye amejifunza habari za simu hizi kuliko alivyotaka, alisema haishiki chini ya paa. Inataka kuona anga. Wajumbe wote waliteremka ngazi hadi uani, kwenye matairi chakavu. Ikashika hapo hapo.

Ilitakiwa ijaribiwe. Katibu alipiga namba anayoijua kwa kichwa, sauti ikiwa imefunguliwa wote wasikie.

"Nani?" aliuliza Dereva wa Tela.

"Mimi. Tunajaribu simu ya sandukuni. Unanisikia?"



"Nakusikia kama umekaa hapa kitandani," alisema. "Inakwenda wapi?"

"Nyikani. Mtoto wa Mweka Hazina anaondoka alfajiri."

"Mwambie akipiga jeki aweke ubao chini yake. Mchanga wa kule unadanganya." Kisha akaongeza: "Na akirudi, irudisheni sandukuni. Isije ikashuka thamani."

Akakata.

Mwenyekiti aliagiza maneno hayo ya mwisho yasiingizwe kwenye kumbukumbu. Yameingizwa.

KUMB. NA. 6/9: KUFUNGA

Kikao kiliishia uani saa nane kasoro robo mchana, wajumbe wakiwa wamesimama. Hakuna aliyepanda tena juu isipokuwa Katibu, kuchukua kalamu.

Mwenyekiti: (sahihi) Mzee Honi. Ametia sahihi bila kusoma.

Katibu: (sahihi) Mke wa Dereva wa Tela. Amesoma mara mbili.