Ndia Kuu Haikuhamia India

Mama,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, penye rehema za Mola. Vaa miwani yako, kwa maana leo nina habari ndefu, na nakujua: barua isiyo na mpango uliirudisha kwa mwenyewe na wino mwekundu.

Kompyuta yako imekufa. Usinikatize. Imekufa kwa uzee, miezi mitano baada yako. Ilinguruma siku mbili, ikazima, haikuwaka tena. Athmani, mwanao mpendwa asiyekosea kitu, akaniletea nyingine mpya, nyembamba, yafungwa kama kitabu. Akaiweka pale pale dirishani juu ya meza yako, akanambia, "Dada, kila kitu kimo." Kila kitu hakikuwamo. Ile programu yako ya kusomea barua, ya kijivu, uliyoizoea miaka yote, haikukubali kabisa kuingia kwenye kompyuta mpya. Nikatiliwa nyingine. Naifungua, tupu. Hata barua moja ya baraza hamna.

Baraza! Wakumbuka nilivyokuwa nikikucheka. Wanaume wa Kibokoni wana baraza zao za nje, tangu alasiri wabishana mpira na siasa. Wewe, mwalimu mstaafu, ukasema huna haja ya kukaa juu ya saruji, yako imo ndani ya kompyuta. Watu wa Mombasa waliotawanyika, Maskati, Toronto, London. Mmoja aandika swali, wote hulisoma, atakaye ajibu. Maneno matupu! Neno hili lina maana gani, lile bibi alilitumia vipi. Na likiwashinda, walikungoja wewe. Vijana walipokwambia uhamie kwenye makundi ya simu ukasema, "Huko ni kelele za marikiti. Hapa mtu husoma kwanza." Mimi nilikuwa nikikuletea chai na kusoma juu ya bega lako. Sikuwahi kuandika hata herufi moja.

Sasa sikia. Barua ya kwanza kuingia kwenye programu mpya ilitoka kwa Bi Shamsa wa Maskati, shoga yako wa tangu chuoni. Ameandika hivi: "Tangu Mwalimu atutoke, swali la Salma limekaa bila jibu. Sisi wa nje twakisia tu, na swali kama lile halijibiwi kwa kukisia. Kama Mombasa hakuna mtu tena, basi tuifunge baraza mwisho wa mwezi, kwa heshima."

Mama, nilihisi kama mtu amekuja kuukunja mkeka wako nawe uko msalani, warudi sasa hivi. Tangu tulipokuzika nilikuwa sijalia sawasawa. Nilijikaza mbele za watu, nikapika, nikapokea wageni. Siku ile nililia mpaka Athmani akapanda ngazi mbio akidhani tumefiwa tena.

Na swali lenyewe silijui! Limo kwenye kompyuta iliyokufa. Ningeweza kumuomba Bi Shamsa anitumie upya, lakini kiburi nimekirithi kwako. Mombasa iende kuomba swali Maskati? Hapana, wallahi.

Nikaibeba ile maiti ya kompyuta mpaka kwa fundi mmoja Makadara. Akaifungua, akazitoa barua zako zote, zilikuwa faili moja kubwa, akanitilia kwenye flashi. Kisha akanambia, "Barua zimo, lakini programu hii mpya haitazisoma. Achana nazo, mama, uanze upya." Niachane nazo? Nilimwangalia vile ulivyokuwa ukimwangalia mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. Nikarudi kwangu.

Siku tatu, kila baada ya alasiri, nilikaa kwenye kiti chako na ile programu. Mara ya kwanza barua zikaja na herufi zilizovurugika. Mara ya pili zikaja zote na tarehe ya leo, kana kwamba mlizungumza miaka yote hiyo kwa siku moja. Ya tatu zikaja kama zilivyo. Nikapiga kigelegele peke yangu, jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna harusi ya nani.

Usidhani nimekwisha nayo. Yaweka barua mpya juu na za kale chini, mtu aanzie mwisho wa hadithi. Nikaigeuza. Ukitaka kujibu, yakupa nafasi juu ya maneno ya mwenzio. Nikakusikia kabisa: "Jibu hukaa tini ya swali. Mtu akikuamkia, wamjibu kabla hajafungua mdomo?" Nikatafuta huku na huku mpaka nikapata pa kulirekebisha. Mimi, Mama, niliyekuwa nikikuita uje unizimie redio.

Basi nikapata moyo, nikaandikia baraza kwa mara ya kwanza maishani. Nikaandika kwa Kimvita chetu, maana nje ya darasa wewe hukuwahi kuandika njia wala mchele, ila ndia na mtele: "Mimi ni Mwanaisha, binti wa Mwalimu. Nyumba yetu ya Ndia Kuu i wazi, na mtele wapikwa kila siku. Musifunge." Nikatuma. Kisha nikaisoma vile ilivyofika.

"Nyumba yetu ya India Kuu i wazi, na motel wapikwa kila siku."

Lo! Kumbe mashine yanisahihisha, nami sina habari. Imeuona mtele wetu ikaugeuza nyumba ya wageni ya Kizungu! Sikuwahi kuaibika hivyo tangu siku niliyotumbukia mtaroni na nguo ya Idi. Kabla ya saa moja kupita, watu waliokuwa kimya miezi mitano wote wamefufuka. Mmoja wa London: "Poleni na safari. Mulihamia India lini?" Mwingine: "Hiyo moteli mwaipika kwa nazi?" Na Bi Shamsa: "Nimeteka mpaka matozi yamenitoka. Binti wa Mwalimu, karibu. Lakini swali la Salma lingali lakungoja."

Nikarudi kwenye barua ile niitazame. Chini ya kila neno letu lililosalimika pana mstari mwekundu. Nikafungua barua zako za kale, wekundu mtupu, ukurasa mzima. Hapo nikashikwa na hasira, Mama. Nani huyu wa kukutilia wewe wino mwekundu? Wewe uliyesomesha nusu ya mtaa huu?

Nikabonyeza juu ya ndia, nikapata pameandikwa: ongeza kwenye kamusi. Nikaiongeza. Wekundu ukatoka. Nikaongeza mtele. Mato. Matozi. Tini. Nikawa napita barua moja baada ya moja, naifundisha mashine neno baada ya neno, na ikitii kama darasa la kwanza. Wiki nzima, Mama. Sasa fungua barua yako yoyote, haina doa.

Na humo ndimo nilimolikuta swali la Salma wa Toronto. Lilifika juma lile ulipolazwa, hukuwahi kulifungua. Aliandika Kiswahili cha vitabu, kizuri, cha mtu aliyejifunza ukubwani. Bibi yake wa Mombasa aliwafuata huko, na miaka sita nyuma akaugua. Siku yake ya mwisho akamwambia, "Ndoo, mwanangu, ndoo." Salma akakimbia bafuni akaleta ndoo, akidhani ataka kutapika. Bibi akaitazama ile ndoo, akacheka. Akacheka sana, akamshika mkono, na jioni akafariki. Salma auliza: "Kwa nini bibi alicheka?"

Mama, nilicheka nikalia pamoja. Nilimkumbuka binamu yetu wa Nairobi, likizo ile alipokuja kukaa nasi. Ulimwita kutoka jikoni, "Ndoo!", akaja mbio na ndoo ya maji, nusu yake imemwagika ngazini. Ulikuwa umekaa juu ya mbuzi ukikuna nazi. Ulicheka mpaka nazi ikakuponyoka.

Nikamjibu, chini ya swali lake kama ulivyotaka:

"Dada Salma, kwetu ndoo ni njoo. Bibi hakutaka kitu. Alikuwa akikuita uje karibu. Ukaja na ndoo mkononi, akaona alichokisema na ulichokisikia, akacheka. Lakini alikuita, nawe ukaja."

Hakuna neno hata moja lililobadilishwa njiani. Nililisoma mara tatu kuhakikisha.

Salma alijibu asubuhi yake: "Miaka sita nilidhani akili zilikuwa zimemtoka. Kumbe alikuwa na akili zake timamu. Nimewaita wanangu mezani leo, nimewaambia ndoo, nao wamekuja." Na Bi Shamsa, mchoyo wa sifa kama umjuavyo, akaongeza mstari mmoja: "Baraza haifungwi. Mombasa ina mtu."

Mombasa ina mtu, Mama. Ni mimi! Nilitembea Ndia Kuu nzima siku ile na kichwa juu, nikiwaamkia watu nisiowajua. Nimejivunia nafsi yangu, sikufichi, lakini zaidi nimekujivunia wewe, kwa maana jibu lile sikulipata kwenye kitabu chochote. Nililipata jikoni kwako.

Lala pema, mamangu. Nakuahidi hakuna swali litakalolala hapa bila jibu, na jina langu nitalitia mwisho wa kila barua, chini yake "binti wa Mwalimu". Na siku utakaponiita ndoo nitakuja, mikono mitupu, wala sitakuuliza maana yake. Ila usiniite bado. Zimeingia barua mbili tangu nianze kukuandikia, na mmoja auliza habari za mtele.

Mwanao,
Mwanaisha