Tairi Zilizoinamia Ndani

Mwanangu Eliya,

Huko Dar unakula vizuri? Kile kifua kimepoa? Kwenye simu sikukuuliza, nilikuwa na hasira. Bado ninayo.

Nakumbuka uani kwetu Kimandolu, gari la baba yako umelipandisha jeki, mimi nachambua mnafu. Nikakuambia, "We baba, mbona tairi za mbele zimeinamia ndani kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo?"

Ukacheka. "Mama, hii ni alaimenti, mkao wa tairi, ya mashindano ya magari. Kwenye kona gari likilala, tairi inakanyaga chini yote. Za barabarani ndiyo zinasimama wima, la sivyo zinalika kwa ndani."

Ulishinda, tukakupokea kwa vigelegele. Nikakuuliza, "Umezirudisha wima?" Ukasema, "Bado, mama, kuna mbio nyingine." Kisha ukapata kazi, ukaondoka.

Baba yako akabaki anapeleka ndizi sokoni na tairi zako za mashindano. Alipokupigia kwamba usukani unatangatanga, ulimjibu, "Uzee huo, mzee wangu!" Akacheka, masikini. Kila asubuhi alizipapasa tairi kwa nje, kama anavyopapasa ng'ombe, akakuta kashata, yale meno ya mpira, zipo, akaridhika.

Siku ya mvua, kwenye mteremko, moja ikapasuka. Mguu wake umekatwa juu ya goti. Ile tairi niliiona gereji kwa macho yangu: nje kashata, ndani kipara hadi nyaya. Nikakupigia, ukalia, nami nikalia kwa ajili yako. Nikajua utamwambia ukweli.

Kesho yake ukampigia. Nilikuwa nimemshikia simu sikioni, nikasikia kila neno: "Pole, mzee. Siku nyingine uwe unakagua tairi."

Eliya! Hivi ni mimi niliyekunyonyesha?

Tangu hapo kila anayekuja kumpa pole anamwambia, "Nilizembea mwenyewe." Amejiuzulu uzee wa kanisa, eti mzembe hafai kuongoza watu. Mimi nimenyamaza. Ukweli huo ni wa kinywa chako, si changu.

Unasema unakuja Krismasi. Kama unakuja kula nyama tu, baki huko. Jana, nikimfunga kidonda, alinishika mkono akaninong'oneza, "Mama Eliya, mtoto akija tusiongee habari za tairi. Sitaki ajue baba yake ni mzembe, atanidharau."

Mungu akulinde, baba. Vaa sweta.

Mimi mama yako