Upepo wa Tairi la Mbele

8 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Sisi tu wazima, ila Mama na goti lake.

Nimehamishiwa vijiji vya mlimani kutibu mifugo. Nusu ya njia ni lami, nusu ni tope. Natafuta pikipiki iliyotumika, inayoweza zote mbili, na nimeona mbili. Nyekundu ni ndefu, nyepesi, injini ndogo. Nyeupe ni nzito, ina nguvu, na mwenyewe ni mwalimu wa kwaya anayeapa kwamba haijui shimo. Wewe uliendesha miaka ishirini ukipeleka chanjo. Nichukue ipi? Mama nikitaja pikipiki anainuka mezani.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua changu sasa ni injini inayokula oili, kinawaka kwa kusukumwa. Daktari ameacha kusema "mwakani", nami sijamuuliza.

Nenda asubuhi, mapema kuliko mlivyoahidiana. Gusa injini, ukiikuta ya moto, ujue ilimsumbua kuwaka, akaiwasha kabla hujafika. Mulika tochi chini ya tangi, shingoni mwa fremu. Rangi mpya mahali pamoja maana yake pamechomelewa. Inua gurudumu, lizungushe, tazama kama rimu inayumba. Na tope ukilikuta chini ya tangi, muulize mwalimu kama lilipanda huko kuimba.

Kisha ikalie. Miguu yote miwili isipofika chini, tope litakuangusha. Na usinunue pikipiki usiyoweza kuiinua peke yako.

Shangazi yako

6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Unapata usingizi?

Nyeupe imechomelewa shingoni, pale pale uliposema. Mwalimu alikohoa tu. Nimenunua nyekundu, miguu yote miwili inafika chini.

Mama alininunia siku tatu. Jana akasema, "Asubuhi ile ya ajali niligombana na baba yako. Aliondoka na hasira niliyompa mimi." Miaka thelathini, Shangazi, sikuwahi kulisikia hilo. Nikamwambia si kosa lake, Baba alikuwa anaendesha kama kichaa, hata polisi waliandika hivyo, na mimi si kama yeye. Akalia zaidi.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usingizi sipati, na sasa sistahili.

Baba yako hakuwa kichaa. Alikuwa mwoga wa pikipiki, tulikuwa tukimcheka.

Siku ile nilitoka kwenye chanjo, mvua imenyesha usiku kucha. Nilikuwa nimepunguza upepo wa matairi yote mawili, maana tairi laini hushika tope. Ukirudi kwenye lami lazima ulijaze, la sivyo linayumba kwenye kona. Kila mwendeshaji wa njia hizo analijua hilo. Kaka yangu hakulijua.

Alinikuta naosha buti. Alikuwa amechelewa kazini, akaniomba pikipiki. Akauliza, "Dada, iko sawa?" Nikamjibu, "Iko sawa, chukua." Alipokuwa anatoka getini nikakumbuka upepo. Ningeweza kuita. Nilikuwa nimechoka, mguu mmoja peku, nikajiambia atajionea mwenyewe, ataenda polepole.

Alianguka kwenye kona ya kwanza ya lami.

Pikipiki ililetwa kwenye banda la kituo chetu cha afya. Kabla mkaguzi wa polisi hajafika, niliingia na pampu nikajaza matairi yote mawili. Akapima, hakuona kasoro, akaandika mwendo kasi. Nilisimama karibu yake nimeshika daftari.

Ugomvi wao nilikuwa naujua. Wifi yangu aliniambia kwenye msiba, akiwa amekubeba wewe wa miezi minne. Nilimshika mkono, nikanyamaza. Niliona afadhali ajilaumu yeye kuliko nilaumiwe mimi. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Dada wa baba yako

28 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Wiki sita hujaandika, na sikulaumu. Dawa nimeziacha, zinanilaza, nami nataka kuwa macho barua ikija. Sikuombi kitu. Ukitoka kwenye tope, shuka, jaza upepo. Hata kama mvua inanyesha.

Shangazi

6 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako nilitembea nayo mfukoni mpaka ikachanika mikunjo. Jumapili nilimsomea Mama. Alinirudisha mara mbili pale uliposema "iko sawa, chukua". Kisha akauliza kwa nini umeniandikia mimi na si yeye.

Baadaye akasema, "Kumbe alikuwa anakwenda polepole." Akalirudia hilo peke yake jikoni.

Mimi sijakusamehe. Yeye hajalitaja neno hilo. Anataka kuyasikia kinywani mwako, akikutazama usoni. Tunakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi.

Meza dawa zako, Shangazi. Tukukute hai.

Mtoto wa kaka yako