Nusu Aliyonipa Mama

Leuven, katikati ya Kwaresima

Kaka yangu Wannes,

Pokea salamu zangu. Natumaini homa imekuachia na sauti yako ya misa imerudi. Mimi mzima, ila nimechoka, kaka. Nimechoka mpaka mifupa.

Kitabu bado hakijaisha. Cheka tu, niite profesa wa panya kama kawaida yako. Miaka yote hii nahangaika na swali lile lile la wasomi wa kale: panya akiitafuna hostia, ule mkate wa komunyo, baada ya mageuzo, ukishakuwa Mwili wa Bwana, amekula nini? Mmoja alisema amekula mkate tu, kwa kuwa hajui anachokula. Mwingine akamjia juu: kwani Mwili wa Bwana unangoja panya autambue? Wa tatu akaandika kwamba Mungu ndiye ajuaye, akaenda zake. Siku hizi huyo ndiye ninayempenda.

Nakuandikia kwa ajili ya Mama. Ulipoikuta hostia ndani ya leso yake uliacha kumkomunisha, ukaniambia hajui tena anachopokea. Sikukubishia. Lakini iliniuma sana, maana hata jina langu amelisahau, na hostia ndiyo kitu pekee alichokuwa bado anakinyooshea mkono.

Jumapili ile ulipokuwa umelala na homa, Sista Amelberga ndiye aliyewakomunisha wazee wa pale kwenye nyumba ya wazee anakotunzwa Mama. Hakujua katazo lako, akampa na Mama. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Sista alipogeuka tu, Mama akaitoa mdomoni. Nikajisemea, haya, leso hiyo inakuja. Wapi! Aliiweka kiganjani, akaichora msalaba kwa kidole gumba, vile vile alivyokuwa akiuchora mkate wetu kwa kisu kabla ya kuukata. Akaimega. Nusu akala. Nusu akanipa mimi, huku akinigombeza: kula wewe, mbona umekonda hivyo, kwenu hawakulishi?

Wannes, tangu tumzike Baba sijapokea komunyo. Wewe ulidhani ni uvivu. Si uvivu. Niliacha kuamini, na nilishindwa kukwambia wewe uliye padre.

Niliila. Nikalia mpaka wazee wakanigeukia. Usiniulize nilikula nini, kwa sababu sijui.

Kwa hiyo, kama asiyejua hapewi, ninyime mimi. Mama mpe.

Msalimie Sista, wala usimgombeze. Na ukienda, mfunike Mama mabega, chumba chake kina baridi.

Mdogo wako,
Godelieve