Gia Uliyoiita Ukimbizini

Ndugu yangu Ramazani,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, na yangu ungeiona usoni ungenicheka, kwa hiyo tuyaache. Nimekaa kwenye ngazi ya greda, mchana huu, wenzangu wamekwenda kula. Sina wa kula naye tangu tulipokuzika pale Ujiji.

Nianze na kazi, maana usingenisamehe. Lile greda letu kuukuu, tulilochongea barabara ya malori ya chakula kwenda kambini, limevutwa likakatwe chuma chakavu. Lile la kukanyaga klachi mara mbili, usikilize mlio kwanza ndipo usukume liva, na ukikosea meno yanasaga mpaka watu wanatoka majumbani. Ulikuwa ukiniambia: "Sikia kwanza, bwana. Giaboksi haipendi mutu wa haraka." Yaani mimi, Muha wa Simbo, nilifundishwa kusikia na mtu aliyevuka ziwa akiukimbia mtutu wa bunduki, akafika Bangwe kwa shangazi yake hana hata viatu!

Likaja la pili, ukalinunia. Kubadili gia hakuhitaji klachi tena. Mafuta yenyewe ndiyo yanayobana sahani za chuma ndani ya giaboksi, wewe unasogeza liva tu. Ukasema mashine ya wavivu hiyo. Halafu ilipoharibika ukaifungua, ukazitazama zile njia za mafuta, ukaniita kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu: "Njoo uone, hawa watu wako na akili!" Ugali wetu ulipoa siku hiyo.

Sasa limekuja la tatu. Haki ya Mungu, ungelitukana. Ndani ni sahani zilezile na mafuta yaleyale, ila anayeyafungulia njia ni umeme. Kuna kisanduku kinaamua. Ukidai gia isiyofaa kinakataa kimyakimya, kinawasha taa na namba basi. Siku hizi nasoma namba. Hakuna cha kusikiliza, Ramazani, na nikilalamika wananiona mzee anayelilia vyuma. Nakulilia wewe, lakini nitawaambiaje? Mguu wangu wa kushoto bado unatafuta klachi. Unakanyaga sakafu tupu, kama mtu anayepapasa upande wa kitanda ambao mwenyewe hayupo tena.

Na lile neno lako. Ile nafasi ya katikati, ambayo dunia nzima inaiita nyutro, wewe uliiita ukimbizini. Mara ya kwanza nilikasirika, nikadhani unatusimanga sisi wenyeji. Ukacheka. "Mbele haiendi, nyuma haiendi, injini inanguruma, mafuta inakwisha. Sasa hapo ni wapi, kama si ukimbizini?" Kisha ukageukia ziwani, kwenye ile milima ya kwenu inayoonekana mvua ikishaosha anga. Kuanzia hapo na mimi nikaiita hivyo. Tulikuwa wawili tu wenye neno hilo. Ulingoja kwenu kutulie uvuke. Homa haikungoja, yoo!

Kwenu wanasema kumetulia kidogo. Meli ilikuja kurudisha watu, na mkeo Mama Zaina amepanda na watoto wenu. Kabla lile greda kuukuu halijavutwa nilikuwa nimekifungua kile kirungu cha liva ulichokichonga kwa mninga, kilicholainika kwa kiganja chako. Nilikitaka kiwe changu, sikufichi. Nilikaa nacho mfukoni mpaka bandarini, nacheza nacho. Shemeji aliponiaga nikashindwa, nikakitoa. Nikamwambia akifukie kwenu. Akakifunga kwenye pindo la kitenge. Kwa hiyo kidogo umevuka, ndugu yangu. Mimi nimebaki na mfuko mtupu, na mkono bado unaingia humo.

Juzi dereva mpya, mtu mzima wa Ilagala, alihangaika na hili greda, haliwaki. Betri nzima, mafuta yapo. Nikachungulia: liva iko gia ya kwanza. Lile la zamani ungeweza kuliwasha likiwa na gia, likaruka na wewe. Hili wamelifunga: usipoirudisha katikati, injini haikutambui. Likanitoka: "Irudishe ukimbizini kwanza!"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Hakuna aliyecheka, Ramazani. Hakuna aliyejua kuna cha kuchekwa. Nikazunguka nyuma ya tairi, nikajifanya naangalia upepo, nikalia.

Lakini ona walivyolitengeneza. Wewe uliiona ile nafasi ni mahali pa kukwama. Hawa wamefanya safari isiweze kuanza popote isipokuwa pale.

Wenzangu wanarudi, nawasikia getini. Lala salama, fundi wangu. Naahidi hivi: kila asubuhi, kabla sijawasha, nitairudisha liva pale pako, nitalitaja neno lako kwa sauti, ningoje kidogo kama tulivyokuwa tukingoja mlio. Nikishajua kwamba huitiki, ndipo nitakwenda mbele.

Ni mimi, Muha wako wa Simbo.